TUIOGOPE DHULUMA, TUSIKIOGOPE KITABU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Nakuandikia maneno haya kutoka Tabora, mji wa miembe. Yaliyonifanya nishike kalamu ni kitabu kimoja cha hadithi, na mzozo ulioletwa na kitabu hicho katika baraza yetu.

Kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alikuja na kitabu kinene cha Kiingereza kinachosimulia habari za Waarmenia wa Mlima wa Musa. Tukamwomba atusomee kila siku baada ya sala ya Isha, huku akitutafsiria. Tulikaa usiku mwingi tukimsikiliza, na wengine wetu tulikuwa tukifuta machozi kwa ncha za kanzu. Usiku mmoja mzee mwenzetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akainuka, akaipiga fimbo yake chini na kusema: "Funga kitabu hicho! Hizo ni fitina za maadui wa dini. Waislamu hawafanyi mambo kama hayo." Wengi wakaitikia kwa vichwa. Kijana akakifunga kitabu. Kisha akauliza kwa upole, kwa adabu ya mwanafunzi mbele ya wakubwa zake: "Wazee wangu, na hapa kwetu, katika njia ya msafara, ni nani waliyoyafanya yale?"

Hapana aliyemjibu. Hata mimi mwalimu wake sikumjibu. Niliinama nikatafuta viatu vyangu. Makala hii ndiyo jawabu niliyopaswa kuitoa usiku ule, nami namwomba radhi kwa kuichelewesha.

KISA CHENYEWE

Kwanza yafaa msomaji ajue kitabu kinasema nini, maana wengi wanaokilaani hawajakifungua.

Jabal Musa, au Musa Dagh kwa Kituruki, ni mlima ulio kando ya bahari ya Mediterania, karibu na mji wa Antakya, nchi ambayo siku hizo ilikuwa chini ya Dola ya Uthmania. Ubavuni mwa mlima huo vilikuwapo vijiji sita vya Waarmenia, Wakristo wa asili, wakulima, wafugaji wa viwavi wa hariri na wachonga vitana. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Istanbul, iliyokuwa mikononi mwa akina Enver Pasha na Talaat Pasha, ilitoa amri Waarmenia waondolewe makwao wapelekwe katika jangwa la Sham. Kule kuhamishwa ndiko kulikokuwa kufa kwenyewe. Wanaume waliuawa njiani. Wanawake na watoto waliishia kwa njaa, kiu na maradhi. Wanahistoria huwakadiria waliokufa katika dola nzima kuwa kati ya laki sita na milioni moja na nusu.

Amri ilipofika katika vijiji vile sita, mwezi wa Julai, watu zaidi ya elfu nne walikataa kwenda. Walipanda mlimani na watoto wao, mifugo yao na bunduki zao chache, wakajihami kwa zaidi ya siku hamsini, mpaka manowari za Ufaransa zilipowaona mwezi wa Septemba zikawachukua mpaka Port Said, nchi ya Misri.

Aliyekitunga kitabu ni Franz Werfel, Myahudi mzaliwa wa Prague. Alipotembelea Damascus aliwaona mayatima wa Kiarmenia waliokonda wakifanya kazi katika kiwanda cha mazulia, akashindwa kuwasahau. Akaandika hadithi, ikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1933. Zile siku alizifanya kuwa arubaini. Mwaka uliofuata serikali ya Hitler ikakipiga kitabu marufuku.

Hebu lifikiri jambo hilo, ewe msomaji. Hitler hakuwaua Waarmenia. Basi alikuwa akiogopa nini katika kitabu kinachosimulia dhambi za watu wengine? Aliogopa kwa kuwa kila dhalimu humchukia mwenye kuhadithia dhuluma, hata ikiwa ni dhuluma ya jirani, maana humo huiona sura yake. Na kweli, miaka michache baadaye Mayahudi waliofungiwa katika mitaa ya Poland wakingojea kuuawa walikuwa wakikisoma kitabu hicho hicho na kupeana moyo. Sasa nakuuliza: sisi tunaosema kitabu hiki kifungwe, tunataka kusimama upande wa nani?

HOJA ZA WENZETU

Sitaki kuwadhulumu wenzangu wanaokipinga. Wana hoja tatu, nami nitazitaja moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba kitabu kimeandikwa na adui ili kuuchafua Uislamu. Jawabu yake imo ndani ya kitabu. Humo yumo mzee wa Kituruki wa Antakya, Agha Rifaat Bereket, Mwislamu mcha Mungu, anayechukizwa na amri za wakubwa wake na anayehangaika kwa mali yake na umri wake kuwapelekea chakula wale wanaoteswa. Adui haandiki hivyo. Adui angetuandika sote kuwa wauaji na kalamu yake isingetetemeka.

Na nje ya hadithi, katika tarehe yenyewe, watu wa namna hiyo walikuwapo. Mehmed Celal Bey, aliyekuwa gavana wa Aleppo kisha wa Konya, alizipinga amri za kuwahamisha Waarmenia mpaka akaondolewa katika cheo chake. Sharif Hussein wa Makka aliandika waraka kwa watu wake wawalinde Waarmenia waliokimbilia katika nchi zao. Kwa hiyo anayesema kuwa Uislamu ndio ulioamrisha mauaji yale amesema uwongo. Lakini na yule anayesema kuwa mauaji hayakuwapo, akidhani kuwa anautetea Uislamu, amewanyang'anya watu hawa wema heshima yao. Kama hapakuwa na dhuluma, Celal Bey alikataa nini? Sharif aliamrisha wanusurike na nini?

Hoja ya pili ni kwamba Waarmenia nao walikosa: wako waliojiunga na Mrusi, na Waislamu nao walifukuzwa makwao na kuchinjwa katika nchi za Balkani katika vita vya 1912 na 1913. Haya ni kweli, wala sikatai. Ila mimi nimesoma fiqhi tangu utoto wangu, na sijaona mlango wowote unaosema kuwa mtu wa mji mmoja akikosa basi mtoto wa mji mwingine apelekwe jangwani afe kwa kiu. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul An'aam kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na katika Suratul Maida ametuonya kwamba chuki ya watu isitupeleke tukaacha uadilifu. Aya hiyo haikuteremka kwa ajili ya siku tunazopendana na watu. Imeteremka kwa ajili ya siku tunazochukizana nao.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu mioyoni, nayo ni ya aibu. Wanasema: hata kama ni kweli, aibu ya ndugu husitiriwa. Ni kweli kwamba dini inatutaka tumsitiri Mwislamu aliyeteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake. Lakini damu ya watu na mali ya watu ni haki ya watu, na haki ya watu haisitiriwi. Kuisitiri ni kumdhulumu aliyedhulumiwa mara ya pili.

Tazama Suratu Yusuf. Walikuwa nani waliomtia Yusuf kisimani? Hawakuwa Mayahudi wa Uingereza wala mapadri wa Roma. Walikuwa watoto wa Nabii, wajukuu wa Nabii, vitukuu vya Nabii. Na nani waliomtoa kisimani wakaenda kumuuza kwa vijidirhamu vya kuhesabika? Msafara wa wafanyabiashara! Mwenyezi Mungu hakuificha habari hiyo kwa ajili ya heshima ya nyumba ya Yaaqub. Ameifanya Qur'ani, inasomwa katika sala mpaka siku ya Kiama, na akaiita kisa kilicho bora kuliko visa vyote.

Tena tazama habari ya Khalid bin Walid katika mwaka wa nane wa Hijria. Mtume (s.a.w.) alimpeleka kwa Banu Jadhima awalinganie. Watu wale wakasilimu kwa maneno yasiyokuwa sawasawa. Khalid akawaua wengine na kuwateka wengine, na Abdullahi bin Umar akakataa kumuua mateka wake. Habari ilipomfikia Mtume aliinua mikono yake mbinguni, akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo cha Khalid, akasema hivyo mara mbili. Na wanachuoni wa Sira wanasimulia kuwa alimtuma Sayyidna Ali na mali, akalipa fidia ya kila roho na kila kitu kilichopotea, hata chombo cha kunyweshea mbwa.

Habari ya mikono ile kuinuliwa imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Je, Imamu Bukhari alikuwa adui wa Uislamu? Je, alitaka kumvunjia heshima Khalid, Upanga wa Mwenyezi Mungu? La hasha! Aliandika kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa dini hii haisimami kwa uwongo hata ukiwa ni uwongo wa kuisifu. Na Khalid alibaki kuwa Khalid. Ukweli haukumvunja.

NJIA YA MSAFARA

Sasa turudi kwetu, kwani swali la yule kijana halikuwa la Antakya. Lilikuwa la Tabora.

Sote twajua kuwa Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga hapa Unyanyembe mnamo mwaka 1852. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika kwetu. Hapa ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji na Manyema, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda. Kwenda ilipita nguo, shanga, bunduki na baruti. Kurudi zilipita pembe za ndovu. Waliobeba mizigo hiyo wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru, wapagazi wa ujira waliojivunia kazi yao. Kwa njia hiyo hiyo ilifika Qur'ani, na mimi ninayekuandikia nisingekuwa na alifu wala be kama si njia ile. Hayo tunayasema kila mwaka katika Maulidi, na tunayasema kwa sauti.

Yaliyobaki tunayameza. Kwa njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa kongwa shingoni, waliotekwa katika vijiji vya Manyema na kwingineko, watoto wakiwa miongoni mwao. Wala usiniambie kuwa hayo ni maneno ya wazungu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, amesimulia maisha yake mwenyewe, tena kwa Kiswahili, na vita vyake hakuvificha.

Na sheria yetu inasemaje? Wamekuja wajuzi wa baraza wakasema kuwa utumwa ulikuwa halali. Mimi nawauliza: halali gani? Mwanakijiji wa Manyema aliyekuwa amelala nyumbani kwake, hakumpiga vita Mwislamu yeyote, hakuvunja ahadi yoyote, akaamka nyumba inawaka moto. Huyo ni mtu huru. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba watu watatu Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Huo ndio uhalali wenu? Dini iliyotia kuacha huru watumwa katika kafara za makosa, ikawawekea fungu katika Zaka, na ikataja kumkomboa mtumwa kuwa ndiyo njia ngumu ya kupanda mlima wa wema. Dini hiyo mnaifanya kuwa leseni ya kuchoma vijiji?

Wala watu wa nchi hii hawakukaa kimya kama kondoo. Mtemi Mnywa Sere alipotaka ushuru kwa wafanyabiashara, haki ambayo kila mwenye nchi anayo, walimpiga vita wakamtoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere aliishi maporini miaka kadhaa akipigana, mpaka akauawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia. Wafanyabiashara wa Tabora wakamwendea kwa vita, naye akaja mpaka hapa mjini, na Khamis bin Abdallah akauawa katika vita hivyo. Simtakasi Mirambo: rugaruga wake nao walichoma vijiji vya wanyonge na kuteka watu. Lakini mwanakijiji aliyekuwa kati ya wababe hawa wawili alikuwa kama mkulima wa Mlima wa Musa, na habari zake hazina kitabu.

Kisha akaja Mjerumani. Mwaka 1890 bendera yake ilipandishwa Tabora, na wakubwa wa wafanyabiashara, watu waliosali kama tunavyosali, waliikubali ili biashara yao isalimike. Aliyeikataa ni Mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake wakashindwa kulichukua. Januari 1893 walirudi na Luteni Tom von Prince wakalivunja. Isike alipoona boma limeingiliwa alijilipua kwa baruti ndani ya ghala yake. Wajerumani wakamtoa yu mahututi wakamnyonga. Mimi simtolei fatwa Isike kwa kujilipua, hesabu yake iko kwa Mola wake. Nauliza tu: siku ile, katika mji huu, nani alisimama na mnyonge, na nani alisimama na duka lake?

JIHADI YA MJERUMANI

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloufunga Mlima wa Musa na Tabora kwa kamba moja.

Novemba 1914 Sultani wa Uthmania alitangaza jihadi, naye ni rafiki wa Mjerumani. Wajerumani wakaieneza habari hiyo kwa Waislamu wa nchi hii, wakiwaambia wapigane pamoja nao kwa ajili ya dini. Wako walioamini. Lakini mwaka mmoja tu nyuma, Oktoba 1913, Gavana Schnee alikuwa amewatumia wakuu wa wilaya waraka wa siri akiwauliza ni njia gani zitumike kuuzuia Uislamu usienee, na katika mambo aliyoyauliza lilikuwamo la kuwahimiza watu kufuga nguruwe! Waraka huo Waingereza waliukuta Moshi mwaka 1916 wakauonyesha watu.

Basi jihadi ile ilikuwa ya nani? Kule Antakya ilikuwa pazia la kufukuzia wakulima na wachonga vitana. Huku kwetu ilikuwa pazia la kukamatia wapagazi. Mwaka 1916 Wajerumani waliifanya Tabora makao ya serikali yao, mpaka Wabelgiji walipouteka mji tarehe 19 Septemba. Jeshi la Mjerumani, la Mwingereza na la Mbelgiji, kila moja lilichukua wanaume vijijini kwa nguvu kubeba mizigo, na wapagazi waliokufa katika vita hivyo, wa majeshi yote, hukisiwa kuwa zaidi ya laki moja. Huko Ugogo, katika njia ile ile ya msafara, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikaua watu wanaokisiwa kuwa elfu thelathini, yaani mtu mmoja katika kila watano. Anayetaka kujua kwa nini kitabu cha Waarmenia kinamhusu Mnyamwezi na Mgogo, na ajue kuwa walikufa katika vita kimoja, chini ya ushirika wa wakubwa wale wale, na jina la Mwenyezi Mungu likatajwa juu ya vichwa vyao wote wawili.

NENO KWA UPANDE WA PILI

Nisije nikaeleweka vibaya. Wako watu wengine ambao wao kitabu hawakiogopi, bali wanakifanya rungu. Miaka mingi mashuleni tulisomeshwa "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934. Mbotela ni mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa. Ana haki ya kusimulia ya baba yake na hapana wa kumziba mdomo. Lakini walimu waliokitumia kutuonyesha kuwa utumwa ni mali ya Uislamu peke yake na uhuru ni zawadi ya Uzungu, hao walitudhulumu.

Mbona hawakutuambia kuwa mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa elfu moja kila mwaka? Mbona hawakutuambia kuwa zile pembe zilizobebwa Tabora zilikwenda kufanywa vibonyezo vya piano na mipira ya kuchezea mabwana wa Ulaya na Marekani? Mbona hawakutuambia kuwa Mjerumani, aliyejigamba kuja kukomesha utumwa, aliuacha uwe halali mpaka siku aliyoondoka, akatosheka kuamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ndio watakuwa huru? Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Haya nayasema ili mizani iwe sawa. Siyasemi ili dhambi yetu ipungue. Makosa ya jirani hayafui nguo zetu.

UTUMWA ULIOBAKI

Sasa utaniuliza: Sheikh, mambo ya kale unayafukua kwa faida gani?

Nitakwambia. Mama wa bibi yangu aliletwa katika mji huu kutoka Manyema akiwa mtoto mdogo, katika moja ya misafara ya mwisho. Alisilimu, akajifunza sala, akafunga Ramadhani zake zote, akafa akiwa juu ya msala. Bibi yangu alikuwa akinisimulia kuwa mama yake hakuwahi kulitaja jina la kijiji alikotolewa, kwa kuwa hakuwa akilikumbuka. Alilolikumbuka ni moto tu. Basi mzee mwenzangu aliposema kuwa Waislamu hawafanyi mambo kama hayo, na mimi nikakaa kimya, nilimkadhibisha mwanamke yule kaburini mwake.

Na si yeye peke yake. Nimekaa katika vikao vingi vya posa, maana hiyo ni kazi ya sheikh. Nimesikia, na wewe msomaji umesikia, watu wakinong'onezana: "Kijana ni mzuri, anasali, ana kazi, lakini asili yake haijulikani." Haijulikani! Ni nani aliyeifanya isijulikane? Mtu anaiba jina la ukoo wa mwenzake, kisha kitukuu chake anakaa kwenye jamvi anamuuliza kitukuu cha aliyeibiwa: "Ukoo wako ni upi?" Sheria iliufuta utumwa mwaka 1922, lakini katika vikao vyetu vya posa bado haujafutwa, na hautafutika madhali tunaogopa kusimulia ulivyoingia.

Hii ndiyo faida ya kitabu. Kitabu cha tarehe kinatoa hesabu, nacho ni kizuri. Hadithi ya kweli inamfanya msomaji akae usiku mmoja ndani ya nyumba inayoungua. Akitoka humo hatathubutu tena kuuliza asili ya mtu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache kuwafungia vijana vitabu. Wakisoma nasi barazani watasoma na mizani. Wakisoma peke yao gizani, watakuja watu wengine wawafasirie, na tafsiri hiyo haitakuwa na huruma nasi. Kijana akigundua kuwa tulimficha Manyema, hatatuamini tena tukimwambia habari za Badri.

Pili, vijana wetu waandike. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na hadithi yake ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri wa msafara kwa sababu ya deni, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la "Peponi". Hiyo ni njia mojawapo imefunguliwa. Boma la Isike bado linangoja. Kule Kwihara nyumba aliyokaa Livingstone imehifadhiwa kwa makumbusho, na watalii huipiga picha, ni vyema. Wale waliokuwa ndani ya boma siku ile ya Januari, wanawake na watoto, nani atawahifadhi? Werfel alikutana na mayatima siku chache kiwandani akatoka na kitabu kikubwa. Sisi tunaishi na vitukuu vya waliotekwa, tunasali nao bega kwa bega, na tumeshindwa kuandika kurasa kumi.

Na atakayeandika, aandike kwa uadilifu. Asimtakase mfanyabiashara kwa kuwa alivaa kanzu. Asimtakase mtemi kwa kuwa ni wa kwetu. Asimsahau Agha Rifaat wa kwetu, maana hapana shaka walikuwapo waliofungua minyororo kwa kumwogopa Mola wao, nao wana haki ya kutajwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakusema tuwe mashahidi juu ya Wafaransa na Wajerumani tu.

Tatu, wazazi wenye mabinti wazifanye posa zao kwa dini na tabia, kama Mtume alivyotufundisha, na neno "asili" liondoke katika jamvi.

Mzee wangu wa safu ya kwanza, najua utaisoma makala hii, au utasomewa. Sikukukusudia ubaya. Ulikuwa ukiipenda dini yako, ukaogopa itukanwe. Lakini aliyeutukana Uislamu si yule aliyeiandika dhuluma. Ni yule aliyeitenda na huku akitaja jina la Mwenyezi Mungu, na nyuma yake yule aliyeiona akainama kutafuta viatu vyake, kama nilivyofanya mimi.

Kijana amerudi barazani na kitabu chake. Ziko kurasa nyingi zimebaki. Njoo ukae nasi baada ya Isha.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na waliotutangulia. Warehemu waliokufa njiani bila ya sanda wala kaburi, uwalipe katika haki zao, na usitujaalie kuwa wasaidizi wa madhalimu kwa mikono yetu, kwa ndimi zetu, wala kwa kunyamaza kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.